Ukienda Gede, tia riwaya mkobani

MSOMAJI mpendwa, ikiwa unapanga kuwapeleka watoto Pwani likizo hii, nina ombi moja kwako. Kabla hujakata tikiti ya garimoshi, kabla hujaanza kutafuta kofia na nguo za kuogelea, tafuta kitabu. Sizungumzii kitabu cha kiada, wala vile vijitabu vya watalii vyenye picha za minazi na ngalawa. Nazungumzia riwaya, tena riwaya ya watu walioishi miaka mia tano, mia sita au mia saba iliyopita, katika kipindi ambacho wanahistoria hukiita Zama za Kati.

Huenda ukauliza, riwaya na safari wapi na wapi? Tulia nikusimulie, maana somo hili sikulipata bure.

Mara ya kwanza nilipofika kwenye magofu ya Gede nilikuwa mvulana wa shule ya msingi. Basi la shule lilitushusha langoni, tukapangwa wawili wawili, tukazungushwa kwenye kuta kwa muda wa saa nzima huku tukinakili tarehe, kisha tukala mkate na soda na kuanza safari ya kurudi. Nilipofika nyumbani, nyanya yangu aliniuliza nimeona nini huko Pwani. Nilimjibu kwa maneno matatu: "Mawe na kima." Alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Mwaka jana nilirudi Gede, safari hii nikiwa baba. Nilifuatana na mwanangu wa umri wa miaka kumi na mmoja na mpwa wangu wa kike aliye katika shule ya upili. Mpwa wangu ni msomaji. Mwanangu, kwa upande wake, huamini kwamba historia ni adhabu iliyobuniwa na walimu. Nilichelea asije akarudi na jibu lile lile nililompa nyanya.

Njiani

Tulipanda garimoshi la asubuhi kutoka Nairobi. Ukishapita Mtito Andei na watoto wakachoka kuwatafuta ndovu dirishani, hapo ndipo utakaposhukuru kwamba ulitia kitabu mkobani. Mpwa wangu alianza kumsomea binamu yake hadithi ya Sundiata, jinsi ilivyoandikwa na Djibril Tamsir Niane wa Guinea mwaka 1960, baada ya kuisikia kutoka kwa mtambaji wa jadi aitwaye Mamadou Kouyaté. Kitabu hicho ni chembamba. Mtoto anayesoma vizuri atakimaliza kabla ya kufika Mombasa.

Nakianza hicho kwa makusudi. Wengi wetu tukisikia Zama za Kati, akili hukimbilia Ulaya kwenye ngome, farasi na mashujaa waliovaa chuma mwili mzima. Ilhali mnamo mwaka 1235 hivi, Sundiata Keita alimshinda Soumaoro Kanté katika vita vya Kirina, na kutokana na ushindi huo ikazaliwa dola ya Mali iliyokuja kuwa mashuhuri kwa dhahabu na elimu. Afrika nayo ilikuwa na zama zake za kati, na Gede ni sehemu ya zama hizo.

Kutoka Mombasa tulichukua matatu ya kwenda Malindi. Tulipita Mtwapa, tukavuka daraja la Kilifi, kisha barabara ikaukata msitu wa Arabuko-Sokoke. Ni mwendo wa kama kilomita 100 hivi. Mwambie utingo mapema kwamba unashukia Gede, njia panda ya kwenda Watamu, kwa sababu ukisinzia utajikuta Malindi. Kutoka hapo ni mwendo mfupi wa tuktuk hadi langoni.

Mji ndani ya msitu

Jambo la kwanza litakaloshangaza watoto wako ni kimya. Mji huu ulijengwa kilomita chache kutoka baharini, na ulipohamwa, msitu uliuchukua. Mizizi imepenya kwenye kuta, majani makavu yametanda kwenye nyua, na kima wanaketi juu ya milango kama mabawabu. Hifadhi vyakula vyako, maana mabawabu hao hawana adabu.

Watu walianza kuishi hapa tangu karne za 11 na 12. Mji ulistawi zaidi katika karne ya 15, na kufikia mwanzoni mwa karne ya 17 ulikuwa umebaki mtupu. Wataalamu hutaja sababu kadhaa: maji kupungua visimani, vita, na msukosuko wa uhamiaji kutoka kaskazini. Wareno walikaa Malindi, kilomita kama 15 tu kutoka hapa, kwa muda mrefu katika karne ya 16, lakini maandishi yao hayautaji mji huu. Mwaka 1884 Sir John Kirk alifika akayaona magofu. Mwaka 1927 serikali ya kikoloni iliyatangaza kuwa turathi ya kihistoria, na kati ya 1948 na 1958 mwanaakiolojia James Kirkman akayafukua. Mwezi Julai mwaka 2024 UNESCO iliitia Gede kwenye orodha ya Turathi za Dunia.

Hizo ndizo tarehe. Mwanangu alizisikiliza kwa dakika tano, kisha akaninong'oneza, "Baba, tunaenda ufuoni saa ngapi?"

Nilihisi moyo ukizama. Lakini hatua chache mbele tulikuta mbuyu mkubwa uliosimama kando ya ukuta. Mtoto alisimama, akautazama kutoka chini hadi juu, kisha akamgeukia binamu yake. "Mbuyu wa Sundiata ulikuwa mkubwa hivi?"

Kama hujasoma kitabu hicho, nitakudokezea kidogo bila kukuharibia utamu. Sundiata alizaliwa mlemavu. Alifikisha miaka saba bila kutembea. Siku moja mke mwenziwe mamake alimkejeli mama huyo kwa sababu alikwenda kuomba majani ya mbuyu ya kupikia, mwanawe asijiweze hata kumchumia. Uchungu wa mama ndio uliomwinua mtoto, na alichomletea mamake siku hiyo hakikuwa majani matupu.

Msomaji, ukifika hapo usiwe na haraka. Waketishe watoto mbali kidogo na kuta, uwasomee sehemu hiyo kwa sauti. Baada ya hapo mwanangu hakuuliza tena habari za ufuo mpaka saa nane mchana.

Msikitini na kaburini

Kutoka mbuyuni tulikwenda kwenye Msikiti Mkuu. Utaona kisima, birika la kutawadhia, nguzo zilizosimama safu safu na kibla iliyotazama kaskazini. Watafutishe watoto mchongo wa mkuki ulio juu ya mojawapo ya milango. Macho yao ni makali kuliko yetu.

Hapa utakumbuka kwamba mwaka 1331 msafiri kutoka Morocco, Ibn Battuta, alilala Mombasa usiku mmoja akiwa njiani kwenda Kilwa. Alisimulia kwamba watu wa Mombasa walitembea bila viatu, na kwamba kila aliyetaka kuingia msikitini aliosha miguu kwanza mlangoni. Masimulizi yake si riwaya. Ni habari za safari, na ndizo zinazotukaribia zaidi.

Sasa tia hesabu hii akilini. Miaka minne tu kabla ya safari hiyo, mwaka 1327, ndipo Mwitaliano Umberto Eco alipoiweka riwaya yake mashuhuri inayojulikana kwa Kiingereza kama The Name of the Rose, iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1980. Hadithi yenyewe inachukua siku saba katika nyumba ya watawa milimani kaskazini mwa Italia. Watawa wanakufa mmoja mmoja, na siri ya vifo inaelekea kwenye maktaba iliyojengwa kwa vichochoro vya kumpoteza mtu. Mpelelezi ni mtawa Mwingereza, naye msimulizi ni kijana anayemfuata kila aendako.

Sitakuficha, kitabu hiki ni kigumu. Kurasa mia za mwanzo zina mijadala ya dini na siasa itakayomchosha mtu mwenye pupa. Wala si kitabu cha watoto, kwani kina mauaji na mambo mengine ya watu wazima. Hata hivyo, mwanafunzi wa chuo akivumilia, atatoka akifahamu jinsi kitabu kimoja kilivyoweza kuogopwa kuliko upanga katika zama ambazo kila nakala iliandikwa kwa mkono. Mtu akisimama msikitini Gede, mahali ambapo wengine walisoma na kuandika katika karne hiyo hiyo, hawezi tena kuamini kwamba dunia ya wakati ule ilikuwa giza tupu.

Si mbali na msikiti lipo kaburi ambalo viongozi wa wageni hawaliruki. Maandishi yake yana tarehe: mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Ni ngao ya wanaakiolojia, kwa kuwa kutokana nalo waliweza kukadiria umri wa mambo mengine.

Mpwa wangu alipoisikia tarehe hiyo alitabasamu. "Mjomba, 1399 ndio mwaka aliong'olewa Richard wa Pili."

Alikuwa sahihi. Mwaka huo huo, mbali sana na hapa, mfalme Richard wa Pili wa Uingereza alivuliwa taji na binamu yake. Lakini nilipomuuliza amejuaje, hakutaja kitabu cha historia. Alilijua jambo hilo kutokana na tamthilia ya Shakespeare. Mfalme yule alikuwa mtawala wa kawaida, wala hakuwa hodari sana, lakini miaka karibu mia mbili baada ya kifo chake akatokea mtu wa kumpa maneno kinywani, na mpaka leo msichana wa Nairobi anamhurumia. Aliyelala chini ya kaburi la Gede hajapata mtu wa kumfanyia hivyo.

Nyumba zisizo na wenyewe

Hili ndilo jambo ambalo utotoni lilinipita kabisa. Tulipofika kwenye mtaa wa nyumba za matajiri, kando ya jumba la mfalme, kiongozi wetu alianza kutuonyesha moja baada ya nyingine. Hii ni Nyumba ya Mkasi. Ile ni Nyumba ya Taa ya Chuma. Pale ni Nyumba ya Bakuli la Kichina. Kuna Nyumba ya Kisanduku cha Pembe, Nyumba ya Sarafu za Kichina, na Nyumba ya Ushanga wa Venisi.

"Mzee, mbona zinaitwa hivyo?" mwanangu akauliza.

"Kwa vile vitu vilivyookotwa ndani zilipofukuliwa, mwanangu."

"Na wenyewe waliitwa nani?"

Kiongozi alivua kofia, akajipangusa jasho. "Hayo majina hayakubaki," akasema.

Tulikaa kimya kidogo. Hebu fikiri, msomaji. Mtu alijenga nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, akaiezeka kwa boriti, akaiwekea choo na mahali pa kunawia, na hata chumba cha hazina kisicho na mlango, ambacho huingiwa kwa kupanda kwenye tundu lililo juu ukutani. Alizaa, akaoza, akazika. Alinunua bakuli lililovuka bahari kutoka China na ushanga uliotoka Venisi. Leo hakuna kinachotajwa ila mkasi wake.

Akiolojia imefanya kazi yake yote hapa, tena kwa uaminifu. Inaweza kukuambia mkasi ulikuwa wa chuma, uliokotwa chumba gani na katika udongo wa karne ipi. Haiwezi kukuambia nani aliushika, alikuwa akikata nguo ya arusi au sanda. Mpaka huo ndio riwaya huanzia.

Vitabu vingine vya kubeba

Kwa ajili ya mtaa huo wa wafanyabiashara, nakupendekezea Leo Africanus, riwaya ya Amin Maalouf wa Lebanon, aliyeiandika kwa Kifaransa mwaka 1986. Msimulizi ni Hasan, mtu aliyeishi kweli, aliyezaliwa Granada kule Uhispania. Mji huo ulipotekwa na Wakristo mwaka 1492, jamaa zake walihamia Fez. Hasan alisafiri na misafara mpaka Timbuktu, akaishi Cairo, kisha mwaka 1518 akatekwa na maharamia na kupelekwa Roma kama zawadi kwa Papa. Huko akabatizwa na kuandika habari za Afrika. Zama za Kati zilikuwa zinaingia ukingoni wakati huo, kwa hivyo utaona dunia ya kale ikivunjika mbele ya macho yako. Hasan alikuwa mtoto tu Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwezi Aprili mwaka 1498. Ukishamsoma, ule ushanga wa Venisi uliofika Gede hautakuwa tena ajabu. Utajua bidhaa zilipita mikono mingapi, na kila mkono ulikuwa na mambo yake.

Kwenye jumba la mfalme, zile nyua zilizochimbwa chini na vyumba vya wanawake vilivyojitenga, mimi nilimkumbuka Kristin. Huyu ni mhusika wa Sigrid Undset wa Norway, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 1928. Riwaya yake, Kristin Lavransdatter, ilitoka katika vitabu vitatu kati ya 1920 na 1922. Inamfuata mwanamke mmoja wa karne ya 14 tangu utotoni, kupitia ndoa aliyoilazimisha kinyume cha matakwa ya babake, ulezi wa wana saba, ugomvi, majuto, mpaka tauni kubwa ilipoingia Norway. Hakuna vita vya kutisha kila ukurasa. Kuna mavuno, uzazi, karamu, deni na mtu anayezeeka. Akina mama wanaosoma ukurasa huu, hiki ndicho chenu. Mtamkuta jirani yenu humo.

Ikiwa unapenda hadithi za upelelezi, basi anza na Ellis Peters, jina la kalamu la Mwingereza Edith Pargeter. Kati ya 1977 na 1994 alitoa riwaya ishirini kuhusu Cadfael, mtawa wa karne ya 12 katika mji wa Shrewsbury, karibu na mpaka wa Wales. Cadfael alikuwa askari na baharia kabla ya kuvaa joho la utawa. Sasa analima bustani ya mitishamba na kuchemsha dawa za kikohozi, na kila maiti isiyoeleweka inapopatikana, yeye ndiye anayeitwa. Kila kitabu kinajitegemea, Kiingereza chake si cha kukatisha tamaa, na mtoto wa miaka kumi na minne anaweza kukisoma bila mzazi kupata wasiwasi. Mganga mzuri anayejua majani na kujua watu, huyo hahitaji kutambulishwa kwetu.

Utavipata wapi? Ulizia katika maktaba za umma, kama vile McMillan kwenye barabara ya Banda jijini Nairobi. Usiwadharau wauza vitabu vya mitumba kwenye vijia vya kati ya jiji, kwa kuwa nakala yangu ya Cadfael niliitoa kwenye rundo kama hilo, katikati ya vitabu vya mapishi na vya uhasibu.

Kweli na ya kubuni

Sasa nikuonye kidogo. Riwaya si historia, na mwanafunzi atakayejibu mtihani kwa kumnukuu Cadfael atajilaumu mwenyewe. Mwandishi mwema huchukua yanayojulikana, akayaheshimu, kisha akajaza mapengo. Kwa mfano, kitabu cha kwanza cha Cadfael kinahusu mifupa ya Mtakatifu Winifred iliyohamishwa kutoka Wales kupelekwa Shrewsbury. Tukio hilo ni la kweli, na kiongozi wa watawa aliyekwenda kuichukua, Robert, aliishi kweli. Cadfael ni wa kubuni. Nyumba ya watawa ya Eco ni ya kubuni, lakini ugomvi kati ya Papa na Mfalme Mkuu unaosikika ndani yake ulikuwepo. Hasan aliishi, lakini mazungumzo yake na mamake ni ya Maalouf.

Mchezo mzuri wa kucheza na watoto ni huu: baada ya kila sura, kila mmoja ataje jambo moja analodhani ni kweli na moja analodhani ni la kubuni, kisha mkatafute. Watoto wangu walijifunza historia nyingi zaidi kwa kubishana hivyo kuliko kwa kukariri.

Na sisi je?

Utaona, msomaji, kwamba katika vitabu vyote nilivyovitaja hakuna hata kimoja kilichotoka Pwani yetu. Rafu yangu ya nyumbani iko hivyo, na jambo hilo lilinikera nilipokuwa nimeketi kwenye kizingiti cha Nyumba ya Mkasi.

Si kwamba hatuna mbegu. Tunaye Fumo Liyongo, jitu la mashairi na mishale, ambaye masimulizi ya wazee yanamweka katika nchi ya Pate na Ozi. Muhammad Kijumwa wa Lamu aliandika utenzi wake mwaka 1913. Mtoto yeyote wa Kenya anastahili kujua jinsi shujaa huyo alivyotoroka kifungoni, na jinsi siri ya sindano ya shaba ilivyomfikia mwanawe mwenyewe. Tunao pia wajumbe wa Malindi waliofika China mwaka 1415 wakiwa na twiga. Hebu tafakari safari hiyo! Nani alimlisha twiga yule melini? Nani alibaki nyumbani akimngojea mumewe asiyejulikana atarudi lini? Hapo riwaya nzima inamngoja mwandishi, tena pengine mwandishi huyo yuko darasani hivi sasa, anasinzia katika somo la historia.

Mambo ya kukumbuka

Ukienda, fika asubuhi kabla jua halijawa kali. Vaa viatu vilivyofunika vidole, kwani njia zina mizizi na siafu. Beba maji. Mchukue kiongozi, na umpe nafasi ya kusema badala ya kumharakisha. Waonye watoto wasipande kuta, maana zimestahimili miaka mingi lakini hazikujengwa kubeba wacheza sarakasi, na makaburi ni makaburi hata kama wenyewe hawajulikani. Ingia kwenye jumba dogo la makumbusho uone vyombo vilivyofukuliwa. Karibu na lango kuna mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa mwaka 1993, ambapo wanakijiji wanaoishi kando ya msitu hufuga vipepeo na kujipatia riziki. Baada ya hapo, ufuo wa Watamu hauko mbali. Nasi tulikwenda, na tuliogelea mpaka magharibi.

Usiku ule, katika nyumba ya wageni, mwanangu aliomba daftari. Alisema anataka kuandika kuhusu mwenye mkasi. Aliamua kwamba alikuwa mwanamke, fundi wa kushona, na kwamba mumewe alikwenda baharini. Alisumbuka sana kuhusu jina. Hatimaye aliinua kichwa akaniuliza:

"Baba, nyanya yako aliitwa nani?"

Nilimwambia. Ni yule yule aliyecheka aliposikia habari za mawe na kima. Tulimzika miaka tisa iliyopita.

"Na mamake?"

Nilifungua mdomo nikaufunga. Nakumbuka koroboi ya nyanya iliyokaa dirishani, na kibuyu chake cha maziwa, na kigoda ambacho hakuna mtoto aliyeruhusiwa kukikalia. Jina la mamake sikulijua. Nyumba yenyewe imekwisha kuanguka, na akipita mgeni leo akaichimba, ataiita Nyumba ya Koroboi.

Ilikuwa yapata saa nne usiku, lakini nilimpigia baba simu. Alidhani kuna msiba. Nilipomweleza ninachotaka alinyamaza kidogo, kisha akalitaja jina hilo na la dada zake wawili, na jina la kijiji walikotoka, na habari ya njaa iliyowahamisha. Tulizungumza karibu saa nzima. Mpwa wangu aliandika yote kwenye kurasa za nyuma za daftari lile, na mwanangu akachukua moja ya majina hayo akampa fundi wake wa Gede.

Kwa hivyo, msomaji mpendwa, tia riwaya mkobani. Tia na daftari tupu. Na kabla ya garimoshi kuondoka, ikiwa wazee wako wangali hai, wapigie simu.